Filamu imetula laki tisa, matangazo tunaambiwa laki nne. Zitarudi kweli?

kijana_wa_langoni

Asalam aleikum waungwana. Naomba tushauriane manake usingizi sipati. Sisi ni vijana sita hapa Amu, yaani mji wa Lamu, tumemaliza filamu yetu ya saa moja na nusu, hadithi ya nahodha na bintiye, tumeipiga yote huku huku, Shela, Matondoni na vichochoroni mwa mji, na mpaka tumemaliza kuiedit imetula laki tisa. Hizo laki tisa ni za kuchanga, kuna mwenzetu ameuza sehemu yake ya mashua, na laki mbili ni deni la mjomba wangu ambaye kila Ijumaa tukitoka msikitini ananiangalia tu, hasemi neno.

Sasa kuna jamaa wa Mombasa anafanya kazi za matangazo, ameiona trela akaipenda, anasema tumpe laki nne atatufanyia kila kitu, redio, mabango, posti za kulipia Facebook na TikTok, na watu wawili watatu wenye wafuasi wengi waitaje. Anasema Hollywood pesa ya matangazo hufika nusu ya pesa ya kutengeneza filamu kwa hivo laki nne kwa laki tisa ni kawaida kabisa. Laki nne hizo hatuna, itabidi tukope tena. Wenzangu watatu wanataka, wawili hawataki, mie nimebaki katikati.

Mipango yetu: hapa mjini ukumbi wa viti kama 200, Malindi ukumbi wa viti 300, tiketi shilingi 200, kila mji usiku minne. Halafu Mombasa kwenye sinema ya kweli wakitukubali, huko tiketi 500. Swali langu, hizi laki nne zitaongeza faida ama zitaongeza deni? Na mtu anahesabu vipi kabla hajatoa pesa mfukoni?

projekta_malindi

Waaleikum salaam ndugu yangu. Mie niko Malindi, nakodisha projekta na spika, kazi hii nimeanza tangu enzi za vibanda vya video watu wakiketi kwenye mabenchi. Wacha nikupe lililonipata mwenyewe manake limefanana na lako.

Mwaka juzi mie na mwenzangu tulileta filamu ya vijana wa huku huku, ukumbi viti 280, tiketi 200. Tukasema safari hii tutangaze sawasawa. Tukalipa redio moja ya pwani wiki mbili, tukakodi tuktuk na vipaza sauti ikawa inazunguka Maweni, Barani, Muyeye, Kisumu Ndogo, kila siku kuanzia alasiri mpaka magharibi, tukachapisha mabango, jumla ikafika elfu 95. Siku ya siku watu wakaja wallahi, ukumbi ukajaa pomoni, kuna waliosimama ukutani na kuna waliorudishwa mlangoni nikiwaona kwa macho yangu. Nikajua leo tumeula. Kuhesabu, viti 280 mara 200 ni elfu 56. Mwenye ukumbi elfu 20. Imebaki elfu 36, na matangazo ni elfu 95. Yaani ukumbi umejaa mpaka mlangoni na bado nimetoka na hasara ya elfu 59, na hapo sijagusa hata shilingi moja ya kutengeneza filamu yenyewe.

Kosa letu halikuwa tangazo baya, tangazo lilifanya kazi yake vizuri sana. Kosa ni kuwa tulilipa tangazo la watu elfu na tuna viti 280 vya usiku mmoja, kesho yake ukumbi una harusi, na wale waliorudishwa hawakurudi tena. Tangazo lile lile tungekuwa na usiku minne ingekuwa elfu 144 mkononi, tunatoa 95 tunabaki na 49. Kwa hivo kabla hujauliza tangazo bei gani, uliza kwanza una viti vingapi vya kuuza.

sinema_na_hesabu

Huyo kaka wa projekta amesema kweli tupu. Mie kwetu Faza ila niko Nairobi miaka mingi, nimefanya kazi ofisi ya sinema upande wa tiketi na mahesabu, kwa hivo nitakuonyesha vile tulikuwa tukihesabu.

Kitu cha kwanza, tiketi ya 200 si 200 yako. Toa fungu la ukumbi, toa umeme, projekta, vijana wa mlangoni, tuseme kwa Amu na Malindi inabaki 120. Kwenye sinema za kweli fungu la mwenye jumba huwa karibu nusu, kwa hivo ile 500 ya Mombasa ni kama 250 kwako, na ushuru bado. Sasa chukua hiyo 120 ugawanye deni lako. Laki tisa kwa 120 ni watu 7,500. Ukiongeza laki nne za matangazo inakuwa milioni moja na laki tatu, kwa 120 ni watu 10,833. Maana yake yule jamaa lazima akuletee watu 3,333 ambao bila yeye hawangekuja, na hapo bado hujapata faida hata ya kununua soda, umemlipa yeye tu. Wale ambao wangekuja hata bila tangazo, ndugu zenu na majirani na walioigiza na mama zao, usimhesabie yeye.

Alafu linganisha na viti vyako. Amu 200 mara nne ni 800, Malindi 300 mara nne ni 1,200, jumla 2,000. Vikijaa VYOTE, hakuna kiti kitupu hata kimoja, unapata 2,000 mara 120 ambayo ni laki mbili na elfu arobaini. Jamaa anataka laki nne. Hata awe hodari namna gani hawezi kukuletea laki nne kwenye kumbi ambazo mwisho wake ni laki mbili na nusu, hapo hakuna mjadala. Na watu 7,500 wenyewe si mchezo, sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 kaunti nzima ya Lamu kuanzia mzee mpaka mtoto wa jana, kwa hivo 7,500 ni zaidi ya mtu mmoja kwa kila ishirini.

Hiyo ya Hollywood ana ukweli lakini amekukatia nusu. Chama cha studio za Marekani kilikuwa kikitoa hesabu zake, mwaka 2007 wastani wa kutengeneza filamu moja ya studio kubwa ulikuwa dola milioni 70.8 na matangazo na usambazaji milioni 35.9. Kwa hivo nusu kweli. Lakini wao wanafungua siku moja kwenye majumba maelfu, Marekani nzima na nchi za nje, tangazo moja la TV linauza viti vya bara zima. Wewe tangazo la redio linasikika mpaka Kwale na Taita na kiti unacho mtaani kwenu Langoni. Unalipia masikio ambayo hayawezi kufika ukumbini kwako.

Na hata wao huumia. John Carter ya Disney ya 2012 ukiangalia iliingiza kama dola milioni 284 dunia nzima, mtu atasema pesa hizo zote, hawa wametajirika. Lakini kuitengeneza ilikuwa kama milioni 250, matangazo yakakadiriwa kama milioni 100 juu yake, na ule mgao wa majumba ukichukua nusu ya 284 inabaki 142. Toa 142 kwenye 350 uone shimo lililobaki. Machi mwaka huo huo Disney wenyewe wakatangaza wanatarajia hasara ya kama milioni 200. Ndio maana watu wa kazi hii husema filamu haijarudisha pesa mpaka iingize mara mbili hadi mara mbili na nusu ya gharama ya kuitengeneza, hiyo ziada yote ni mgao wa majumba na matangazo.

kapteni_watamu

Mie sikubaliani nanyi na nitasema wazi. Mnamtia kijana woga. Filamu ni kama samaki, usipoiuza leo kesho inanuka. Ile wikendi ya kwanza ndio kila kitu, watu wasipojua ipo itakufa kimya kimya na laki tisa zimekufa nayo, sasa afadhali laki tisa zife zote ama laki nne ziokoe? The Blair Witch Project ya 1999, vijana na kamera za mkononi, elfu 60 za dola ama chini, ikaingiza milioni karibu 248. Ilikuwa ni matangazo! Watu waliambiwa wale vijana wamepotea kweli, tovuti ikawekwa, mabango ya waliopotea yakabandikwa, dunia nzima ikaingia sinema. Mtoto wa watu asiogope kukopa kwa kitu anachokiamini.

sinema_na_hesabu

Kapteni nakuheshimu na la samaki uko sawa, filamu isiyojulikana imekufa, hilo sipingi. Lakini hiyo Blair Witch uliyoitaja angalia mpangilio wake. Wale vijana hawakukopa milioni za matangazo. Walitengeneza tovuti wenyewe, wakaipeleka filamu tamasha la filamu la Sundance huko Marekani, kampuni ya Artisan ikainunua kwa zaidi ya dola milioni moja, na hiyo kampuni ndio ikatoa pesa za matangazo, zikaripotiwa kufika milioni 25, yaani karibu mara mia nne ya gharama ya kupiga picha. Mwenye pesa alitoa pesa BAADA ya kuona watu kwenye tamasha wamenasa. Deni la matangazo halikuwa la wale vijana.

Na ile Paranormal Activity ndio hivo hivo. Imetengenezwa na kama dola elfu 15. Studio ya Paramount mwaka 2009 hawakuifungulia Marekani nzima kwa siku moja, walianza na miji 13 yenye vyuo vikuu, maonyesho ya usiku wa manane, alafu wakaweka mahali kwenye intaneti mtu anapiga kura kuomba iletwe mjini kwake, wakasema kura zikifika milioni wataifungua nchi nzima. Zikafika. Ikaishia na karibu milioni 193. Pale penye kura nyingi ndipo pa kwenda, penye baridi unapaacha, hujachoma pesa gizani.

Na kelele peke yake si tiketi. Kuna Snakes on a Plane ya 2006, intaneti nzima ilikuwa inaizungumza miezi kabla haijatoka, watu wanatengeneza mabango yao na nyimbo zao, ukisoma ungedhani itavunja rekodi zote, lakini dunia nzima ikaingiza kama milioni 62 tu na kuitengeneza ilikuwa 33. Piga nusu uone. Watu walifurahia kuizungumza, kwenda kulipa ikawa jambo lingine. Kwa hivo hao wenye wafuasi wengi jamaa anaokuahidi, uliza wafuasi wangapi wako Lamu na Malindi. Mtu ana wafuasi laki tatu na wote wako Nairobi na Dar, atakusaidia nini?

bi_mkomani

Mwanangu wa Langoni, nimewasoma wote na naona wanaume mnapigana na hesabu na mmesahau nusu ya mji. Hao wanawake mtawaleta vipi? Filamu ina binti wa nahodha, hiyo ni hadithi yetu sisi, lakini mkiweka usiku saa tatu wanaume wamejazana mlangoni, hamtaniona mie wala wakwe zangu wala watoto wa dada yangu. Wekeni onyesho la wanawake peke yao baada ya alasiri, na anayeuza tiketi awe msichana, na mahali pa kuketi na watoto. Na tangazo la hilo halina haja ya redio. Kila harusi ya hapa ina grupu la WhatsApp, kuna magrupu ya kupika, ya vyama vya kuchanga, ya madrasa za watoto. Klipu moja ya dakika moja ile binti anapogombana na babake kuhusu mashua, mtie humo Jumatatu, Jumatano mji mzima wanawake wanaijua. Mie mwenyewe nina magrupu saba.

Na wakati muangalie. Msiweke wakati wa Maulidi, wageni wamejaa kweli lakini wamekuja kwa jambo lao na si adabu. Ramadhani pia hapana. Mwezi wa kumi na moja kukiwa na tamasha la utamaduni ndio wakati, watu wako nje, wana pesa mkononi, na wageni wanatafuta cha kutazama usiku.

Na bei ya Amu 200 kwa mama mwenye watoto wanne ni nyingi. Watoto 50.

kijana_wa_langoni

Shikamoo mama. Hilo la wanawake wallahi hatukulifikiria hata siku moja, na hiyo scene unayoisema ndio nzuri kuliko zote kwenye filamu, sijui umejuaje.

Kaka sinema_na_hesabu nimeikopi hesabu yako nikawasomea wenzangu hapa barazani, wale watatu waliotaka wawili wamenyamaza. Lakini sasa limeingia jambo jingine. Jamaa nilipomwambia hatuna laki nne akasema basi atatoa yeye, tusitoe kitu, yeye atakuwa msambazaji, atatangaza kwa pesa yake, alafu mapato yote yapitie kwake na sisi tupate asilimia 50 ya faida. Wenzangu wamefurahi, wanasema hapo hatari haipo tena. Mie roho bado inanidunda.

karani_wa_sheria

Roho inayodunda isikilize. Mie nafanya kazi ofisi ya wakili Malindi, mikataba ya namna hii naiona, na neno la kuogopa ni hilo "faida". Asilimia 50 ya faida ni tofauti kabisa na asilimia 50 ya mapato. Pesa ikiingia mlangoni inateremka kwa ngazi, kwanza ukumbi wanachukua lao, alafu msambazaji anachukua ada yake ya kusambaza, huko kwa wenzetu mara nyingi ni kama asilimia 30, alafu anajirudishia gharama zote za matangazo, mara nyengine na riba juu, alafu gharama ya kutengeneza, na kilichobaki chini kabisa ndio kinaitwa faida, hapo ndipo wewe umeketi na bakuli lako. Na anayeandika gharama za matangazo ni nani? Ni yeye. Akiandika laki nne ni laki nne, akiandika laki saba ni laki saba.

Kuna kesi mashuhuri Marekani, mwandishi Art Buchwald na mwenzake Alain Bernheim waliishtaki Paramount kuhusu Coming to America ya 1988 ya Eddie Murphy. Filamu iliingiza karibu dola milioni 288 dunia nzima, na studio ikaja na vitabu ikasema kwa mujibu wa mkataba faida HAIPO, hakuna cha kugawana. Mahakama ya Los Angeles mwaka 1990 ikaona vifungu kadhaa vya ile hesabu ya faida ni vya uonevu kabisa. Mwishowe walilipwa, lakini baada ya kesi ya miaka. Nyinyi mna pesa ya kesi ya miaka?

Kwa hivo mkikaa naye mezani, fanyeni hivi. Mgao utoke kwenye mapato ya tiketi, si faida, hata kama asilimia itakuwa ndogo. Gharama za matangazo ziwe na kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, akipita hapo ni mfuko wake, na kila shilingi iwe na risiti. Pesa za mlangoni ziingie till ya M-Pesa ambayo nyinyi pia mnaiona simu inapolia. Na haki za TV na intaneti zisiwemo kwenye mkataba huu hata kidogo, manake kwa hesabu iliyoonyeshwa hapo juu kumbi peke yake hazitarudisha laki tisa zenu, huko kwengine ndiko zitakakotoka, na yeye pengine ameshaliona hilo kabla yenu.

Na mmeshapeleka filamu KFCB, ile bodi ya serikali ya kukagua filamu Kenya, ikapewa kiwango cha umri? Bila hiyo hakuna sinema ya Mombasa itakayowafungulia mlango, na nyinyi wenyewe kuonyesha hadharani ni kosa.

kapteni_watamu

Hapo kwenye faida na mapato nimekuelewa karani, nilikuwa silijui hilo na nashukuru. Bado nasema watangaze, ila si kwa mkataba huo. Na mfano wa kuiga basi ni ile ya Wagiriki, My Big Fat Greek Wedding, 2002, milioni tano kuitengeneza, ilifunguliwa majumba mia na kidogo tu, haikuwahi kuwa namba moja hata wikendi moja Marekani, lakini ikakaa kwenye majumba karibu mwaka, watu wanaambiana tu, jamaa wa harusi huyu anamwambia yule, mpaka ikafika milioni 368. Na Nigeria, Funke Akindele, kila filamu yake anaitangaza mwenyewe kwenye kurasa zake, anacheza, anaigiza vichekesho na wenzake, na A Tribe Called Judah ya Disemba 2023 ikawa filamu ya kwanza ya Nollywood kupita naira bilioni moja kwenye sinema za huko. Muigizaji wenu mkuu ana simu?

kijana_wa_langoni

Anayo, na anachekesha kuliko filamu yenyewe lol. Jumatatu anaanza klipu.

Tumekaa jana baada ya isha tukakubaliana, wote sita. Jamaa tumemwambia asante, hatutii saini, kama anataka kutufanyia mabango tu tutamlipa mabango. Matangazo yote tumeyawekea elfu 60, na tumefanya ile hesabu, elfu 60 kwa 120 ni watu 500, kwa hivo tunajua deni la tangazo ni watu mia tano na hao tunawaona. Tangazo tutalitoa nusu kwanza kwa Amu, tuangalie usiku wa kwanza na wa pili, kukiwa na watu ndio nusu ya pili iende Malindi. Maonyesho ya wanawake ni mawili na dada yangu ndiye atakaa na tiketi. Baada ya hapo tunataka kuzunguka nayo, Faza, Siyu, Kizingitini, Mpeketoni, kila mahali usiku mmoja au miwili, mashua ipo. KFCB tunapeleka wiki hii, hilo tulikuwa tumelala kabisa.

Mjomba nimemwonyesha karatasi ya hesabu nikamwambia kumbi hazitamlipa zote, tutamlipa kidogo kidogo mpaka TV ama mtandao ununue. Akaisoma mpaka mwisho, akaniuliza kwa nini watoto ni 50 na yeye ni 200.

Kaka projekta, wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja ukumbi wa Malindi una usiku ngapi?

projekta_malindi

Nimeshampigia mwenye ukumbi. Usiku mitatu iko wazi nimeishika kwa jina lako, wa nne kuna watu wa harusi hawajalipa, tukipata jibu Alhamisi nakwambia. Usichapishe tarehe kwenye bango kabla ya Alhamisi. Na uje na filamu kwenye diski mbili tofauti, moja ikigoma ya pili iko mfukoni, watu 300 wakishaketi hawangoji.

bi_mkomani

Klipu ikiwa tayari nitumie mie kwanza, mwanangu, kabla ya wanaume.